Wamaza: Betri za sola hazifi zenyewe, zinauawa

WAMAZA – Ingia katika nyumba yenye pano ya sola juu ya bati, kati ya Kasongo na Kabambare, kisha tazama chini ya meza. Mara nyingi utakuta betri mbili: moja inayofanya kazi, na nyingine iliyogeuka kiti cha watoto. Ukiuliza ile ya pili ilipatwa na nini, jibu ni neno moja: "Ilikufa." Linasemwa vile linavyosemwa juu ya mzee aliyekula chumvi nyingi, akalala, akaenda zake. Lakini betri ile haikula chumvi yoyote. Ilinunuliwa juzi tu. Ilibebwa juu ya pikipiki, ikawasha taa msimu mmoja wa mvua, na kabla ya mvua za pili ikazimika. Betri ya umri huo haifi. Inauawa, na wauaji wanajulikana.

Jambo lenyewe si la mchezo. Wamaza haina waya wa SNEL. Katika Kongo nzima ni kama mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na vijijini hesabu ni ndogo zaidi. Kinachowaka hapa usiku kinategemea sola au jenereta, na jenereta inakunywa mafuta ambayo bei yake inapanda kwa kila kilomita ya barabara mbovu. Taa ya chumba cha kuzalishia, simu ya mchimbaji wa dhahabu anayetaka kutuma pesa nyumbani, mashine ya kinyozi, kipaza sauti cha msikiti, redio, video ya mpira: vyote vinategemea sanduku moja la plastiki lenye risasi na asidi ndani. Sanduku hilo likizimika, muuguzi anazalisha huku ameuma tochi kwa meno.

Muuaji wa kwanza ni mazoea ya mawe ya redio. Wakaaji wa huku walianza kujua betri kupitia yale mawe madogo ya tochi na redio. Jiwe linatumika mpaka lichoke kabisa, linaanikwa juani ili liseme siku mbili zaidi, kisha linatupwa. Hiyo ni akili nzuri kwa jiwe la redio. Kwa betri ya sola ni hukumu ya kifo. Betri ya risasi, ile ile aliyoivumbua Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambayo ndani haijabadilika sana, haipendi kumalizwa. Kila inapoachwa bila moto wa kutosha, risasi yake inafunikwa na ukoko mweupe. Ikijazwa mapema, ukoko unayeyuka. Ikiachwa wiki nzima na njaa, ukoko unagandamana kama ule wa wali chini ya sufuria, na hakuna jua litakalouondoa. Kuanzia hapo betri inajaa haraka sana asubuhi na kuisha haraka sana jioni. Mwenye nyumba anafurahi kwamba "inajaa upesi", kumbe tumbo lake limeshasinyaa.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi, lakini ni wachache wanaoifanya. Betri ya volti 12 yenye amperi 100 kwa saa ina, kwenye karatasi, wati 1,200 za saa moja. Anayetaka iishi atumie nusu tu, yaani 600. Taa tano za wati 7 zikiwaka saa sita zinakula 210. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano inakula 300. Hizo ni 510, na konvertiseri nayo inakula fungu lake. Mpaka uko hapo. Lakini majirani wanaleta simu ishirini, na kila simu inataka karibu wati 10. Sasa ni 710. Na juu ya bati kuna pano moja ya wati 100, ambayo siku ya jua zuri inaleta kama 400, na siku ya mawingu ya Novemba hata nusu ya hapo haifiki. Kinachotoka kila siku kinakizidi kinachoingia. Duka linaloendeshwa hivyo lingefungwa mwezi wa kwanza, na mwenye duka asingesema kwamba duka "limekufa". Angesema limefilisika.

Halafu kuna wauzaji, na hapa hakuna haja ya kuwapakia mafuta. Betri nyingi zinazouzwa kwa jina la sola ni betri za gari. Betri ya gari imetengenezwa kwa kazi moja: kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache ili injini iwake, kisha injini inairudishia hapo hapo. Bamba zake ni nyembamba na nyingi. Betri ya kuwashia nyumba ina bamba nene, inatoa nguvu kidogo kidogo usiku kucha. Huko Ulaya watu wanaosafiri likizo kwa magari yenye kitanda na jiko ndani wanafunga betri mbili tofauti katika gari moja: ya injini peke yake, ya taa na frigo peke yake, na hawazichanganyi. Wanajua kwamba ile ya injini ikitumiwa kuwasha taa na frigo kila usiku itaharibika baada ya miezi michache. Huku mnunuzi anaambiwa kwamba betri ni betri.

Anayetaka kujua kama anadanganywa asitazame rangi ya karatasi iliyobandikwa. Aombe mizani ya mchele. Betri ya kweli ya risasi ya amperi 100, yenye bamba nene, ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ile ambayo kijana anainyanyua kwa mkono mmoja huku akizungumza na simu haina amperi 100, hata kama imeandikwa 200. Risasi ni nzito. Wepesi maana yake ni kwamba risasi haimo. Muuzaji anayekataa betri yake ipimwe ameshajibu swali.

Na maji. Jina lenyewe linaua: "maji ya betri". Katika maduka vitu viwili tofauti vinaitwa hivyo hivyo. Kimoja ni asidi, kinatiwa mara moja tu, betri mpya inapoanzishwa. Kingine ni maji safi yaliyochujwa kwa mvuke, ya kuongezea pale yanapopungua. Kinachopungua ndani ya betri ni maji tu. Asidi haiondoki isipokuwa imemwagika. Anayeona kiwango kimeshuka akatia asidi anazidisha ukali kila mara, na bamba zinaliwa. Mwingine anachota kisimani. Maji ya Luama ni mema kwa kuoga, kufulia na kuvua samaki, lakini yana udongo na madini ambayo betri haiyavumilii. Pale ambapo maji safi ya duka hayapatikani kabisa, mvua iliyokingwa wazi kwa beseni safi la plastiki, si ile iliyopita juu ya bati yenye kutu, ni afadhali mara kumi kuliko kisima. Kiwango kinatakiwa kufunika bamba na kupita kidogo, si kujaa mpaka mdomoni, na maji yanaongezwa betri ikiwa imejaa moto. Ile betri iliyofungwa kabisa, isiyo na vifuniko, haiongezwi kitu. Anayeipasua kwa bisibisi ili "ainyweshe" ameimaliza siku hiyo hiyo.

Lakini wanaobeba lawama kubwa ni mafundi wanaotoa hukumu bila kupima. Mgonjwa analetwa, fundi anagusisha waya mbili, anatazama cheche, anasema: "Hii imekwisha, lete nyingine." Cheche si kipimo. Testeri ndogo yenye namba inapatikana kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya betri mpya, na fundi asiye nayo hana tofauti na mganga anayetibu homa bila kupima malaria.

Kupima kwenyewe si uchawi. Betri ipumzishwe kwanza, isiunganishwe na pano wala taa kwa saa kadhaa. Alfajiri kabla ya jua ndiyo saa nzuri. Ikionyesha volti 12.7 hivi, imejaa. Ikionyesha 12.2, iko nusu. Chini ya 11.9 ni kama tupu. Namba ya 10.5 inayorudi kila siku, hata baada ya jua kali, ni habari nyingine: betri ina vyumba sita, kila kimoja na volti mbili na kidogo, na kimoja kimeshakatika. Hiyo ndiyo iliyokufa kweli. Baada ya hapo iwashwe taa kadhaa huku testeri ikiwa mahali pake. Ikianguka kutoka 12.6 hadi chini ya 11 kwa taa tu, ile 12.6 ilikuwa ya uongo. Uso mzuri, tumbo tupu.

Kisha kinakuja kipimo ambacho karibu kila mtu anakiruka, na ndicho kinachookoa betri nyingi. Saa sita mchana, jua likiwa kichwani, testeri iwekwe tena. Volti lazima zipande zivuke 14 kabla siku haijaisha. Zikikwama kwenye 12 na kitu, betri haina kosa: inanyimwa chakula. Ugonjwa uko juu ya bati, kwenye pano iliyofunikwa vumbi na majivu ya moto wa msituni wa Julai na Agosti, au kwenye kivuli cha mwembe uliokua tangu pano ilipofungwa. Au uko katikati, kwenye waya mwembamba wa spika uliovutwa mita kumi na tano, unaokula nguvu njiani. Au uko kwenye vichwa vya betri vyenye unga mweupe na kijani, ambao unaondolewa kwa maji ya uvuguvugu na bikarboneti, kisha grisi kidogo, kazi ya nusu saa. Ni betri ngapi zimehukumiwa kufa kwa kosa la waya? Mwenye nyumba ananunua mpya, anaifunga kwenye waya ule ule, na baada ya miezi nane anarudi kwa fundi yule yule.

Fundi huyo huyo ndiye anayefunga "dairekti". Regulateri imeungua, au mteja analalamika kwamba inakata taa saa nne usiku kabla mpira haujaisha. Fundi anaitoa, anaunganisha pano na betri moja kwa moja, na mteja anamshukuru. Regulateri ilikuwa inakata kwa sababu betri ilikuwa imefika mahali pa kuumia. Konvertiseri nayo hulia kabla ya kuzima, na sauti hiyo inajulikana nyumba zote; inapoanza kulia, mtu anaongeza sauti ya televisheni. Zaidi ya hayo konvertiseri nyingi husubiri mpaka volti 10.5 ndipo zizime, na huko betri imeshaumia zamani.

Basi, nyumbani mtu anaua mali yake. Ni hasara yake na watoto wake. Kwenye kituo cha afya betri si mali ya mtu mmoja, na hapo neno "ilikufa" halifai kupokelewa hata kidogo.

Desturi inajulikana katika Maniema yote. Mfadhili au mwanasiasa analeta pano na betri. Kuna hotuba, kuna picha, kuna utepe wa kukata, wazee wanaketi mbele, kina mama wanaimba. Ripoti inaandikwa: kituo kimepata mwanga. Katika ripoti hiyo kuna bei ya pano, bei ya betri, bei ya usafiri na hata bei ya soda za siku ile. Bei ya maji safi ya mwaka wa kwanza haimo. Jina la mtu atakayefungua vifuniko kila mwezi halimo. Testeri haikuachwa. Betri ya pili, itakayohitajika baada ya miaka minne au mitano hata kama ya kwanza itatunzwa vizuri, haikuwekewa franga moja. Huo si msaada uliokamilika. Aliyeutoa anarudi alikotoka na picha zake, na miaka miwili baadaye mwingine anakuja kutoa betri mpya, naye anapigwa picha pale pale.

Lawama haiishii kwa wageni. Kila kituo kina CODESA, kamati iliyochaguliwa na wakaaji ili isimamie mambo kama haya. Ni kamati ngapi zimewahi kuweka betri kwenye ajenda? Na nani asiyejua waya unaotoka dirishani mwa chumba cha kuzalishia, ukapita ukuta, ukaingia nyumba ya mkubwa fulani kwa ajili ya televisheni? Na ile meza ya kuchaji simu iliyo mlangoni, ambayo pesa yake haionekani kwenye daftari lolote? Mama anapofika saa nane usiku na taa haiwaki, moto wake umeshauzwa jioni.

Kinachouma zaidi ni kwamba yanatokea Kasongo na pembezoni mwake. Katika miaka ya sabini na themanini Kasongo ilikuwa mahali ambapo dunia ilikuja kujifunza namna ya kupeleka afya karibu na watu. Mwaka 1981 jarida la madaktari Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, na mpaka leo unatajwa. Enzi hizo frigo nyingi za chanjo vijijini Afrika zilikuwa za petroli. Frigo ya petroli ilikuwa na utambi, na utambi husafishwa, hukatwa, tangi hujazwa. Muuguzi aliyeacha utambi utoe moshi mpaka chanjo zikaharibika hakusema frigo "ilikufa". Aliulizwa. Sola ilipokuja, watu wakaambiwa kwamba jua ni la bure na halina kazi, na kazi ile ya kila wiki ikasahauliwa pamoja na utambi.

Matokeo yake yaliandikwa kwa chuma. WHO na UNICEF, katika miaka ya karibu, wamehimiza frigo za chanjo zinazotumia sola bila betri kabisa: jua linagandisha barafu mchana, barafu inalinda chanjo usiku. Ni kifaa kizuri. Lakini wakaaji wajue kwa nini kiliundwa. Betri ndizo zilizokuwa zikiharibika kwanza, kituo baada ya kituo, na hapakuwa na mtu wa kuzitunza wala pesa ya kuzibadilisha. Dunia ilitazama betri za vijijini, ikaona ni rahisi kubuni frigo upya kuliko kungoja mtu aongeze maji. Barafu lakini haiwashi taa. Chumba cha kuzalishia bado kinahitaji betri.

Watetezi wana majibu yao. La kwanza: watu ni maskini. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kutotupa betri. Kama meza ile ya simu ipo, na isemwe kwamba iko. Simu kumi kwa siku, franga 200 kila moja, ni franga 60,000 kwa mwezi, 720,000 kwa mwaka. Weka hata nusu yake kando kwa jina la betri, mbele ya mashahidi, na siku ya kubadilisha haitakuwa siku ya kuandika barua ya kuomba. Umaskini hauwezi kuwa sababu ya kununua kitu kile kile mara tatu.

La pili ni usalama. Hilo lina uzito. Kuanzia Salamabila na migodi ya Namoya mpaka vijiji vya ndani vya Kabambare, watu wamekimbia mara nyingi, na anayekimbia na watoto mgongoni habebi betri ya kilo 28. Pano zimeng'olewa, waya zimekatwa. Hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa hayo. Ila betri zilizo chini ya meza leo hazikuibwa na mtu mwenye bunduki. Zimekaa palepale zilipofungwa, zikimalizwa kila usiku na watu wenye amani.

La tatu linakuja kwa sauti ya kitaalamu: wakati wa risasi umekwisha, sasa ni lithiamu. Kweli betri za lithiamu zinavumilia kutumiwa zaidi ya nusu, haziongezwi maji, na zinaishi miaka mingi zaidi. Zimeanza kuonekana, na zitashuka bei. Wala hakuna asiyeona kejeli ya jambo hili: mgodi mkubwa wa lithiamu wa Manono uko mkoa jirani wa Tanganyika, na Kongo inatoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, lakini mama wa Wamaza anazalia gizani. Hata hivyo, lithiamu iliyofungwa kwenye regulateri iliyopangwa kwa risasi haitaishi miaka hiyo inayoahidiwa. Na testeri inadanganya juu yake: inakaa kwenye volti 13 na kidogo karibu muda wote, kisha inaanguka ghafla. Atakayeifunga "dairekti" ataiua vilevile, tena kwa bei kubwa zaidi.

Liko moja ambalo halisemwi kabisa, nalo ni zile zilizokwisha. Watoto wanazikalia, kuku wanadonoa karibu yake, na siku moja anakuja mtu anayenunua risasi, au kijana wa nyumbani anaivunja kwa shoka ili ayeyushe vizito vya nyavu na risasi za bunduki ya kuwindia. Asidi inamwagwa nyuma ya jiko. Moshi unavutwa na aliye karibu. Huko Senegali, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer mjini Dakar, kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye betri za gari zilizovunjwa na kuyeyushwa mtaani kwao. Huko Mombasa, wakaaji wa Owino Uhuru waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka watoto wakaanza kuugua, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Sumu hiyo haionekani wala hainuki kwenye chakula. Inaingia kwenye akili ya mtoto, na kilichopotea humo hakirudishwi na dawa yoyote.

Betri iliyokwisha kweli isivunjwe wala isimwagwe. Ikae imesimama wima, mahali penye paa, mbali na jiko na maji, mpaka irudishwe kwa njia ile ile iliyoileta. Muuzaji anayepakia betri mpya kutoka Kasongo anaweza kupakia na kuukuu anaporudi. Chama cha wauzaji kikikataa, shirika la raia lina kazi hapo kuliko kwenye maandamano mengine mengi.

Mvua za Septemba ziko njiani, na mawingu yakifunga, betri zenye njaa ndizo zitakazoanguka kwanza. Kabla ya hapo kila CODESA inaweza kufanya kikao kimoja: nani ana ufunguo wa chumba cha betri, nani anapima alfajiri na kuandika namba kwenye daftari, pesa ya simu iko wapi, na ule waya wa dirishani unakwenda kwa nani. Kikao kiwe cha wazi, chini ya mti, wakaaji wakisikia. Na yule atakayekuja kutoa betri nyingine na kupigwa picha, aulizwe hapo hapo mbele ya kamera ameleta maji ya mwaka mzima na testeri, au ameleta betri tupu.